Nani Anakaa Hapa

Kabla hajatazama mchoro wako alikuwa na swali moja. Unaweka karatasi mezani, mikono bado myeusi kwa mkaa, naye anaangalia nje dirishani kama mtu anayesubiri mgeni mwingine aliye muhimu kuliko wewe. Kisha anasema, "Nani anakaa hapa?"

Ole wako ujibu, "Familia, Mwalimu."

"Familia haina miguu," anasema. "Familia haiamki kwenda chooni. Nimekuuliza nani. Goti linamuuma? Jua likiwa kali anapenda kukaa wapi? Akikosana na bwanake anaenda kuketi wapi?" Darasa linacheka. Unachukua karatasi yako, ambayo hata hajaigusa, unarudi kwenye kiti ukiwa mdogo.

Alitufundisha kubuni majengo katika chuo kidogo cha ufundi nje ya Kwa Vonza. Walimu wengine tuliwaita kwa majina yao au kwa majina ya utani, lakini yeye alikuwa Mwalimu tu, kana kwamba wale waliotufundisha hesabu za mihimili na vipimo vya kokoto walikuwa wapita njia. Leo nina ofisi yangu, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nawachorea watu nyumba, na swali lake linanitoka mdomoni kila mteja anapoketi. Namheshimu. Pia nina hasira naye ambayo haijapoa. Wanafunzi wake wa zamani tukikutana tunasimulia ile heshima tu, tunacheka, tunaagiza chai nyingine. Mimi nimechoka kusimulia nusu.

Muhula wa kwanza hatukushika rula. Kabati lake lilijaa mifuko mitupu ya simiti, ambayo aliiomba kwa mafundi, akaikung'uta na kuchana ile karatasi ya ndani iliyo safi. Hizo ndizo zilikuwa karatasi zetu, na kalamu zetu zilikuwa makaa ya jiko. Mtu aliyelipiwa karo kwa kuuzwa ng'ombe anarudi nyumbani na mashati yana madoa kama ya mchoma makaa, mzazi anauliza hii ni kozi gani. Mwalimu hakujali. "Mkaa hauwezi kuchora kitasa cha mlango," alisema. "Ndiyo maana nawapa mkaa. Ukianza na kitasa utamaliza na kitasa. Anza na kitu kikubwa, kitu cha ujinga ujinga, tuone kinasimamaje."

Na alisema kweli. Ukishika kipande kinene cha mkaa huwezi kujificha kwenye mapambo. Unachora mstari wa mlima, jua linapochomoza na linapozama, upepo unapotokea, njia ambayo mama mwenye mtungi atapita. Halafu unaweka doa moja kubwa: hapa watu wanakutana. Doa lingine: hapa mtu anataka kuachwa peke yake. Unasogeza madoa mpaka yaache kugombana. Nyumba bado haipo, lakini tayari unajua ikija itakuwa na tabia gani.

Msemo wake uliojulikana zaidi tuliuandika kwenye ukuta wa bweni. "Mchoro wa kwanza ni wa jirani yako, uliuona ukipita. Wa pili ni wa mwalimu wako, unataka kunifurahisha. Ngoja wa kwako." Tuliurudia kwa mzaha hata kwenye foleni ya chakula: githeri ya kwanza ni ya jirani, ngoja ya kwako. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa kuna mtu anaishi ndani ya huo msemo, na anangoja.

Siku ya kutufundisha mkato wa jengo alikuja na papai. Alilikata kwa upana, akatuonyesha duara na mbegu katikati. "Hii ndiyo ramani mnayoipenda, ya kuangalia kutoka juu kama kunguru." Akachukua papai lingine, akalipasua kwa urefu. "Na hii ndiyo nyumba yenyewe. Hapa unaona dari iko juu kiasi gani, joto linapanda wapi, mwanga unaingia mpaka wapi. Kunguru hakai ndani ya nyumba." Kisha akayala mapapai yote mawili mbele yetu, polepole, akatema mbegu kwenye kopo, na hakumpa mtu hata kipande.

Lakini darasa lake halisi lilikuwa mtoni. Mto ulio karibu na chuo ni mkavu miezi mingi, ni mchanga tu kutoka ukingo huu hadi ule. Alitupeleka na ndoo na vijiko vya bwenini. Tulilowesha mchanga, tukajenga vitu: kizito, kirefu, kilichoinama, kilichojikunja. Halafu akasema, "Sasa kaeni." Tukakaa. Jua likasogea na vivuli vikasogea, na tuliona wazi kwamba lile jengo lako la kujivunia halina kivuli hata cha kuku. "Nyumba inaanzia kivulini," alisema. "Ukuta unakuja baadaye, kulinda kivuli." Ulipotaka kuongeza kitu alikukataza. "Usiongeze. Kula." Maana yake uchukue kijiko uchimbe, uondoe, umbo litokee kwa kupunguza. Mwishoni alirusha majivu upande wa mashariki na kutuonyesha upepo unapoyapitisha na unapoyarundika. Kina mama waliokuja kuchimba maji walisimama na mitungi yao wakacheka mpaka machozi. "Watu wazima wanacheza nyumba nyumba!"

Yeye alicheka nao. Alipenda kuchekwa na kina mama, akisema wao ndio wakaguzi wa kweli wa majengo kwa sababu ndio wanaokaa ndani mchana kutwa. Kumbukeni maneno hayo.

Darasani tulikuwa na Abdi, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi upande wa Mwingi. Alikuwa mkimya, mchoro wake mbovu kabisa. Siku ya kuulizwa swali alijibu, "Nyanya yangu. Anaswali hapa, na anataka kuona mbuzi wakirudi bila kutoka nje. Na hapendi wageni wamwone kabla yeye hajawaona." Mwalimu aliinuka. Alizunguka meza, akampa Abdi mkono kama wanavyopeana wazee. "Umbo limeshakuja," akasema. "Wewe sasa unaliandikia tu." Na likaja, nyumba iliyogeuzia barabara mgongo na kufungua tumbo lake kwenye ua. Abdi aliijenga kweli baadaye, na nyanya yake aliishi humo.

Mimi nilipata sifa mara moja. Nilikuwa nabuni zahanati ya kijiji, nimechora jengo refu la kawaida, na pale mtoni nikachukua kijiko nikalila katikati, nikaacha pengo lenye paa ambapo kina mama wajawazito wangengoja kwenye upepo. Mwalimu aliinama, akatazama lile pengo kwa muda mrefu. "Sasa umeanza kusumbua," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake ya juu kabisa. Nilitembea hadi bwenini nikiwa sisikii miguu yangu.

Alikuwa na tabia ya kupanga nyumba za watu upya. Alipokuja kwetu Mbumbuni kutoa pole baba alipofariki, hata kabla ya maombi alishika kochi letu akalisogeza kutoka ukuta wa magharibi. "Mama, ukuta huu unakupika," alimwambia mama yangu. Waombolezaji wakatazamana. Mama hajawahi kulirudisha kochi lile, na mpaka leo anasema mchana sebule yetu inapumua. Hivyo ndivyo alivyokuwa katika nyumba za wengine. Aliingia tu, akajua.

Na alikuwa mkali kuliko inavyostahili. Halmashauri ya kanisa moja upande wa Kanyangi, kanisa alikosali mke wake mwenyewe, ilikuja kumwomba awachoree jengo. Walikuwa wamefanya harambee. Na sisi Wakamba tunajua kujenga kwetu: mtu hachangi msingi, mtu anachanga bati. Bati linaonekana. Unalibeba kichwani mpaka mbele ya watu, jina lako linatajwa, unapigiwa makofi. Kwa hiyo mabati yanakuja kwanza, ya urefu tofauti na rangi tofauti, halafu ndiyo nyumba inatafutwa ya kutosha chini yake. Wazee wale walikuwa na rundo la mabati na walitaka ramani inayolingana nayo.

"Mmeshona kofia kabla mtoto hajazaliwa," Mwalimu aliwaambia. "Sasa mnataka nizae kichwa cha kutosha kofia."

"Mwalimu, si utusaidie tu," mzee mmoja akasema. "Mvua iko karibu. Watu wetu wanaombea chini ya turubai."

"Basi waombe. Bati haliwezi kuniamulia umbo."

Waliondoka wakajenga sanduku. Ni sanduku kweli, nimeingia humo: mchana unahisi unaokwa, na mvua ikipiga mchungaji anahubiri kwa mikono. Mwalimu alilitaja darasani kila mwaka kama mfano wa dhambi. Mke wake yeye alisema jambo moja tu kuhusu jengo hilo. "Lina joto, lakini lina mlango."

Sasa nifike kwake huyo mama, kwa maana bila yeye ningekuwa nimeandika sifa za mazishi.

Kwao kulikuwa mbele ya Kanyangi, kwenye mteremko mzuri unaotazama mashariki, mahali ambapo mtu yeyote aliyefundishwa na Mwalimu angesimama na kutaka kujenga papo hapo. Mwalimu alitupeleka wikendi moja kuchimba udongo wa kichuguu, ambao ni mzuri kwa kufinyanga vielelezo. Tulitarajia kuona nyumba. Tulikuta vyumba viwili vya mabati, vilivyojengwa haraka haraka walipooana ili wawe na pa kulala mpaka nyumba yenyewe ichorwe. Mlango ulitazama magharibi. Jiko lilikuwa kibanda kilichoegemezwa ukutani, bila dirisha, moshi ukitoka kupitia mlango uleule alioingilia mpishi. Mama, ndivyo tulivyomwita mkewe, alitoka humo akiwa na sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, akijifuta macho kwa leso, akikohoa, akicheka.

"Karibuni. Msiangalie hii nyumba, ni ya muda," alisema. Binti yao alikuwa tayari ameshamaliza shule ya upili.

Ndani, juu ya rafu, juu ya kabati, kwenye kizingiti cha dirisha, kulikuwa na nyumba. Nyumba za udongo, ndogo za kushika mkononi, nyingi hata kikombe hakikupata pa kuwekwa. Moja imeinama na mteremko. Moja imekatika katikati kupitisha upepo. Moja ina paa kama bawa. Sisi wanafunzi tulizunguka tukiwa tumeshika midomo, kwa maana zilikuwa nzuri, na nasema hivi nikiwa na uchungu, zilikuwa nzuri sana. Mama alizipangusa vumbi kila asubuhi, moja moja, kwa kitambaa kikavu.

Kulikuwa na moja aliyoipenda. Ilikuwa na veranda ndefu upande wa mashariki na jiko lililojitenga kidogo, lenye tundu juu la moshi. Aliiweka kwenye rafu iliyo juu ya kitanda chake. Siku moja alirudi kutoka sokoni akaikuta ndani ya beseni la maji, inayeyuka. Mwalimu alihitaji udongo, na tena alikuwa amegundua kuwa ile veranda inadanganya, haikutoka ndani ya nyumba bali imebandikwa tu.

"Nilikuwa nimeshaingia mle ndani," Mama aliniambia. "Nilikuwa nimeshajua kitanda kitakaa wapi."

Aliniambia hayo bila kulia. Mwalimu alipopenda kusema haraka haraka haina baraka, yeye alimjibu na ngoja ngoja huumiza matumbo, na wote wawili walicheka, kwa kuwa walipendana, hilo sitalificha. Alimwita Mwalimu kama sisi. Alimpikia, akamfulia zile nguo zenye mkaa, akawaambia majirani mume wake anafikiria. Majirani nao walisema mganga hajigangi, wakaongeza chumba, wakapaka rangi, wakahamia.

Kisha akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Akaanza kununua mabati. Alisuka vyondo, vile vikapu vyetu vya katani, akauza, na kila zamu yake ya kupokea pesa za chama cha kina mama ilipofika alinunua bati moja. Huo ndio werevu wetu: ukiweka mabati uani, nyumba inaona aibu, inakuja. Aliyaegemeza ukutani nyuma ya nyumba, akayafunika kwa magunia, na kila bati alilikwaruza kwa msumari alama ya msalaba mdogo kwenye pembe, ili mwizi akilichukua ajulikane. Alinionyesha kwa fahari. "Hata asipochora," alinong'ona, "si ataona hii yote, atasikia vibaya?"

Mwalimu aliyaona, na alijua maana yake. Akamwambia kwa upole, mbele yangu, kwamba nyumba haianzi na bati. Mabati yakabaki pale. Kuku wakatagia nyuma yake.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo na kufungua ofisi Mama aliponishika mkono siku moja nje ya kanisa. "Mwaitu," aliniita, yaani mama kwa Kikamba, hivyo ndivyo wanavyotuita wanaotupenda, "wewe si unachorea watu? Nichoree ya kawaida. Vyumba vitatu. Jikoni iwe na dirisha. Na kitanda changu kikae mahali naweza kuona lango, nijue nani anakuja. Daktari amesema niachane na moshi."

Nilichora. Nilichora kwa rula, nyumba ya kawaida kabisa, lakini ilikuwa imegeuka mashariki, jiko likiwa na madirisha mawili yanayotazamana, na mabati ya Mama yalitosha bila kukatwa hata moja. Nilikwenda nayo Jumapili baada ya ibada. Mwalimu aliishika. Niliona macho yake yakipita juu ya mistari haraka, kama mtu anayesoma tangazo la mazishi kuona kama anamjua marehemu.

"Nani anakaa hapa?" akauliza.

Nilifungua mdomo, lakini Mama alinitangulia. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Mimi," akasema. "Mimi ndiye nakaa hapo, Mwalimu."

Nilifikiri sasa imekwisha, amejibiwa, hakuna jibu lingine duniani lililo bora kuliko hilo. Na kweli uso wake ulichangamka. "Hilo ni jibu!" akasema, akapiga meza kwa kofi. "Umesikia? Hilo ndilo jibu!" Akageuza karatasi yangu upande wa nyuma, akachomoa mkaa mfukoni, akaanza kuchora upya.

Mama alimimina chai. Hakumwaga hata tone.

Sisemi moshi ndio uliomuua. Kifua kina sababu nyingi na mimi si daktari. Nasema tu kwamba alipikia katika kibanda kile mpaka wiki aliyolazwa, na kwamba siku tulipokwenda kumwona wodini aliniambia dirisha la pale ni zuri, anaona mtu akiingia getini. Alisema mara mbili. Alikuwa kama mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba nzuri.

Siku ya mazishi waombolezaji walikaa chini ya hema za kukodi kwa sababu ndani hapakuwa na pa kuketi hata wakwe. Mchungaji alihubiri kuhusu makao tunayoandaliwa mbinguni, na nikaona watu wanaangalia viatu vyao. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, kofia magotini. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia na nilitaka kumshika mkono, na sikufanya lolote kati ya hayo.

Baada ya hapo sikwenda kwao muda mrefu. Nilisikia amestaafu. Nilisikia binti yao ameacha kazi ya hoteli Emali, amerudi nyumbani na mtoto mgongoni ili amwangalie baba yake. Halafu mwaka huu, baada ya mvua fupi, Mwalimu akanipigia simu mwenyewe. Sauti ilikuwa ya zamani, ile ya mtoni. "Njoo uone," alisema. "Nimemaliza."

Nitasema ukweli: moyo wangu uliruka. Nilichukua bodaboda kutoka stendi nikiwa nimesahau hasira yangu yote, nikijiambia afadhali amechelewa kuliko kukosa, binti atapata nyumba, mjukuu atalala penye hewa.

Alinisubiri langoni, amekonda, shati lina mkaa. Hakunipeleka nyumbani. Alinishika kiwiko, tukateremka polepole kwenye mteremko, mpaka upande wa mashariki alipozikwa Mama.

Alikuwa amejenga kibanda juu ya kaburi. Kwetu ni kawaida, watu huweka nguzo nne na bati, wengine vigae. Hiki hakikuwa hivyo. Sijui nikielezeeje bila kukisifu. Paa lilianza chini kabisa upande wa magharibi, likaziba jua la alasiri lote, kisha likapanda na kufunguka mashariki kama mtu anayeinua leso kutazama nani anakuja. Ukuta mmoja mfupi wa mawe, umelika katikati, na kupitia lile pengo ulikuwa unaona lango la boma moja kwa moja. Upepo uliingia kule chini na kutokea juu. Kivuli kilikaa juu ya kaburi na hakikusogea nje. Hakukuwa na kitu cha kuongeza wala cha kula.

"Mchoro huu ni wangu," alisema. "Si wa jirani, si wa mwalimu wangu. Umekuja wenyewe."

"Umekujaje, Mwalimu?"

Alifikiri. "Mtu aliye hai anasogea," akasema. "Leo anataka hiki, kesho mtoto amezaliwa, kesho kutwa goti linauma. Kila nilipomshika alisogea. Sasa amekaa mahali pamoja. Nikaona kila kitu."

Nilitazama juu ili nisimtazame yeye. Paa kwa ndani halikuwa limepakwa rangi. Lilikuwa limekatwa kwa ustadi, vipande vikipishana kwa pembe ambazo mimi nisingethubutu, na kwenye kona ya kipande kimoja kulikuwa na msalaba mdogo uliokwaruzwa kwa msumari. Kwenye kingine tena. Kwenye kingine ulikuwa umekatwa nusu.

"Ni mabati ya Mama," nilisema.

"Ni yake," alikubali, na nadhani alitabasamu. "Yalitosha kabisa. Hata kipande hakikubaki."

Juu kule nyumbani binti alikuwa ametoka kwenye kibanda cha jiko, kilekile kilichoegemea ukuta, moshi ukimfuata mlangoni. Mtoto alikuwa mgongoni. Alijifuta macho kwa leso na kutuita tunywe chai. Baadaye aliniambia kuwa alikuwa ameomba apewe mabati yale ajengee jiko, akaambiwa nyumba haianzi na bati.

Mwalimu alikuwa ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amesimama kama tulivyosimama sisi mbele ya meza yake, mikono imening'inia, anangoja. Alitaka nimwambie kwamba ameanza kusumbua. Na alistahili. Sijaona umbo bora kuliko lile kutoka Kitui hadi Makueni, na bado naliota.

"Nani anakaa hapa, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Mama yako," akasema mara moja, bila shaka yoyote, kama mwanafunzi aliyesoma.

"Na kule?"

Aligeuka akafuata kidole changu mpaka kwenye kile kibanda, ambapo mtoto alikuwa ameanza kukohoa. Alitazama kwa makini, jicho moja amelifumba nusu, jinsi alivyokuwa akipima mteremko. Mkono wake ukaenda mfukoni kutafuta mkaa.

"Kule," akasema, "bado nafikiria."